Mzee Akinyamaza: Mwongozo kwa Wenye Wazazi Busia na Tororo

Baba yangu mkubwa alikuwa mtu wa baiskeli. Ujana wake aliumalizia mpakani Busia akivusha abiria, enzi zile basi lilipokushusha upande mmoja na kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda ukabaki mwendo wa kumtoa jasho mwenye mzigo. Vijana walifunga kiti cha sponji nyuma ya baiskeli wakawa wanaita "boda, boda", yaani mpaka hadi mpaka, na jina hilo ndilo leo linalotumika Kampala, Nairobi na Dar es Salaam. Alijua watu pande zote mbili, na kila mwembe wa njiani alikuwa na hadithi yake.

Kisha akanyamaza. Asubuhi alitoa kiti chake nje, akakiweka kivulini, akatazama barabara mpaka jua likatua. Chakula alikigusa tu. Sisi tukasema ni uzee. Tukamnunulia blanketi zito, tukawa tunamtumia pesa kila mwezi, tukawakanya watoto wasimpigie kelele. Ulipita karibu mwaka mzima kabla ya muuguzi mmoja wa zahanati kumpima presha, kuvuta stuli na kumwambia: "Mzee, hebu nieleze siku yako inavyokwenda tangu alfajiri." Alijibu kwa sentensi moja: "Siku hizi mimi ni mgeni kwangu."

Blanketi, pesa, watoto kukanywa: yote matatu tuliyafanya kwa mapenzi, na yote matatu yalizidi kumsukuma pembeni. Naandika haya kwa ajili yako wewe mwenye mama Amagoro, baba Nambale, bibi Nagongera au babu Masafu, uwe unaishi nao boma moja, au uko Nairobi, Kampala au Doha na huwapata kwa simu ya Jumapili.

Usiseme ni uzee tu

Uzee hupunguza kasi ya miguu na nguvu ya macho. Haumwondolei mtu hamu ya kuishi. Mzee aliyeacha kula, asiyelala, asiyewasha tena redio yake wakati wa taarifa ya habari, asiyeuliza mvua imenyesha wapi, ana jambo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban 14% ya watu wenye miaka 60 na zaidi wanaishi na tatizo la afya ya akili. Ukiwaona wazee 50 kwenye baraza la chifu, hao ni kama saba.

Tabu ni kwamba wazee wetu hawasemi "nina sonona". Husema mwili wote unawaka moto, kichwa ni kizito, moyo unapiga mbio, usingizi umenikataa, nina mawazo. Wanaume wengine hawasemi lolote. Huwa wakali, hugombana na kila mtu kuhusu kuku na mipaka ya shamba, na nyumba nzima ikaanza kuwakwepa. Hali kama hiyo ikidumu kwa wiki mbili, kwa zaidi ya nusu ya siku hizo, usingoje tena. Hicho ndicho kipimo wanachotumia hata wahudumu wa afya.

Kumwuliza kunahitaji adabu. Usimsimamie mbele ya watu ukamwambia "mama, una shida gani?" Atakujibu hana shida. Kaa naye chini mfanye kazi ndogo ya mikono, kuchambua maharagwe au kupukuchua mahindi, macho ya wote yakiwa kwenye ungo. Mwamkie kwa salamu ya lugha yake, iwe Mulembe au Yoga, hata kama shule imekuzoesha Kiswahili na Kiingereza, maana maumivu ya moyo hutoka kwa lugha mtu aliyonyonya nayo. Mwulize amelalaje jana, kisha nyamaza. Ukimya wa dakika tano si kitu kwa mzee. Ni wewe unayeuogopa.

Mwili upimwe kwanza

Kabla ya kuita jambo ugonjwa wa akili, hakikisha mwili umepimwa. Upande wa Kenya, wahudumu wa afya wa jamii walipewa mikoba yenye vipimo vya presha na sukari tangu Septemba 2023, na wanapaswa kufika nyumbani. Mfahamu wa kijiji chenu kwa jina. Upande wa Uganda mtafute mtu wa VHT, yaani kikundi cha afya cha kijiji; kama hana vifaa, atakuelekeza kituo cha afya.

Kuna jambo moja la kulishika sana. Mzee aliyekuwa timamu jana na leo anaongea ovyo, hatambui watu au anasinzia mchana kutwa, huyo hajaanza kusahau kwa uzee. Kuchanganyikiwa kwa ghafla ni dalili ya mwili kuzidiwa: malaria, ambayo Tororo na Busia haijatuacha, maambukizi ya mkojo, sukari kushuka, kiharusi, kukosa maji, au dawa zilizopishana. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Usimpeleke kwa mganga kwanza na usingoje maombi ya Jumapili; watu watamwombea akiwa amelazwa.

Ukienda, beba dawa zake zote kwenye mfuko, pamoja na miti shamba na vile vidonge alivyonunua dukani bila cheti. Mara nyingi daktari hajui nusu ya kinachomezwa nyumbani.

Kisha macho na masikio. Mzee ambaye wengi humwita mkaidi huenda hasikii, basi. Pengine ni nta tu iliyoziba, na kituo cha afya kitaitoa. Mama asiyetambua uso wa mjukuu huenda ana mtoto wa jicho, ugonjwa unaotibika kwa upasuaji mfupi. Sabatia kule Vihiga ipo hospitali ya macho inayohudumia magharibi ya Kenya yote. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitaja mambo 14 ambayo yakishughulikiwa yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu 45% ya visa vya ugonjwa wa usahaulifu duniani. Miongoni mwake ni kutosikia vizuri, kutoona vizuri, presha, sonona na upweke. Kwa hiyo miwani ya baba ni dawa ya akili yake pia.

Mrudishie kazi na neno lake

Hapa ndipo nataka usome polepole, kwa kuwa hapa ndipo jamaa wema hukosea zaidi.

Tunamheshimu mzee kwa kumpumzisha. Tunamnyang'anya jembe, ng'ombe tunampa kijana wa kuajiriwa, mahari ya mjukuu inajadiliwa mjini kwenye WhatsApp na yeye anaarifiwa tarehe. Tunafikiri tumemtua mzigo, kumbe tumemwondoa nyumbani akiwa bado amekaa humo. Baba Mkubwa tulimficha baiskeli kwa sababu macho yalikuwa yamefifia. Tulikuwa sahihi kuhusu macho. Ila hakuna aliyefikiri kwamba kwa baiskeli ile alikuwa akienda kwa rika lake upande wa Uganda mara mbili kwa wiki, na kwamba tulipoificha tulimfungia na mpaka.

Basi kwa kila unachomwondolea, mrudishie kingine. Hawezi kulima? Achague mbegu, wimbi lipi lilistahimili kiangazi, muhogo upi hauozi upesi, hilo analijua kuliko duka la pembejeo. Hawezi kuchunga? Kila jioni aletewe hesabu ya ng'ombe. Mama hawezi kusimama jikoni? Akae karibu na kinu aseme unga wa ugali uchanganywe vipi, muhogo kiasi gani na mtama kiasi gani, na nyinyi mpike alivyosema. Kama mna kesi ya shamba au ndoa, mleteeni kabla ya kuamua. Mkikusudia kutofuata ushauri wake, mwambieni kwa nini, uso kwa uso.

Kwa wewe uliye mbali: simu yako iwe na siku na saa yake, ili awe na la kungojea. Usianze na "umekula?" wala "pesa imefika?" Hayo ni maswali ya kumlea mtoto. Mwulize unalolihitaji kweli. Yule mtu aliyekuja kwenye mazishi ya babu mwaka ule alikuwa nani kwetu? Mpaka wa shamba la chini ulipita wapi kabla ya barabara? Ulimpendaje mama? Rekodi majibu. Sauti hizo wajukuu wako watazihitaji, na yeye atalala akijua kuna jambo aliulizwa.

Mtafutie rika lake, hata kama liko ng'ambo ya mpaka. Watu wa huku hawakuulizwa mwaka 1902, Waingereza walipoutoa mkoa wa mashariki wa Uganda wakauunganisha na nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Wateso, Wasamia na wengineo wana makaburi huku na mashemeji kule. Tangu 2014 raia wa Kenya na Uganda huvuka kwa kitambulisho cha taifa tu, bila pasipoti. Na tangu kituo cha pamoja kilipofunguliwa Busia mwaka 2018 msafiri hapangi tena foleni mara mbili. Kwa hiyo hakuna sababu ya mzee wa Malaba kukaa miaka mitatu bila kumwona dada yake wa Osukuru. Mlipie nauli. Mpande pamoja. Ukitaka kupima thamani ya safari hiyo, kumbuka mwaka 2020 mpaka ulipofungwa kwa ajili ya korona, na wazee wangapi walizikiwa ndugu zao upande wa pili wakisikiliza kwa simu.

Najua utaniuliza kuhusu chungu. Malwa, au ajon kama Wateso wanavyoiita, pombe ya wimbi inayonywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, ndiyo baraza la wazee wengi wa Tororo na Teso. Kila mmoja ana mrija wake, anaujua, anausafisha na kuuhifadhi nyumbani. Na siku mrija mmoja ukikosekana kwenye duara, watu huulizana mwenyewe yu wapi. Mimi simtoi mzee kwenye duara hilo kwa haraka. Chunga mambo mengine: je, ameanza kunywa peke yake? Ameacha malwa akahamia waragi au chang'aa? Anaanza asubuhi? Anakunywa ili apate usingizi? Hapo pombe imekuwa ugonjwa, nayo huiongeza sonona, huvuruga dawa za presha na sukari, na huwaangusha wazee usiku wakavunjika nyonga. Asiyekunywa naye asikose duara lake. Jumuiya ya kanisani, kikundi cha akina mama, watu wa msikitini: waombe wawe wanakutana nyumbani kwake mara moja kwa mwezi kama miguu imegoma.

Zimbabwe wametuonyesha nguvu ya mambo haya. Kuanzia mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, aliwafundisha bibi wa mitaani Harare kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu waliolemewa na mawazo. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba waliohudumiwa na wahudumu hao wa benchi walipungukiwa na dalili kuliko waliopata huduma ya kawaida. Hao bibi ndio walikuwa watabibu. Fikiria hilo kabla hujamwambia mama apumzike.

Bibi anayelea, na pesa ya wazee

Barabara kuu ya malori iliyopita Malaba na Busia ilileta biashara, ikaleta na UKIMWI, na bibi wengi wakabaki na wajukuu waliokwisha kuzika wazazi wao. Wengine leo wanalea vitukuu. Mama wa namna hiyo hana ukosefu wa kazi. Kwake ni kinyume. Anachohitaji ni kushikwa mkono: ada ilipwe moja kwa moja shuleni, kijana mmoja mkubwa achukuliwe likizo na shangazi, na mtu amwulize yeye mwenyewe analala saa ngapi. Usimtumie mtoto mwingine wa kulea eti kwa sababu "mama yupo peke yake".

Pesa haiponyi sonona, ila kukosa pesa huikaza. Kenya, Inua Jamii huwalipa wenye miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Uganda, ruzuku ya wazee ni shilingi 25,000 za Uganda kwa mwezi, na ilipoenezwa nchi nzima ilianzia miaka 80. Ulizia kila mwaka ofisi ya maendeleo ya jamii kama umri umebadilishwa. Kizuizi kikubwa ni kitambulisho. Wazee wengi walikadiriwa miaka tu wakati wa kuandikishwa, na aliyepunguziwa kumi anakosa haki yake huku wadogo zake wakilipwa. Anza kurekebisha mapema, ukiwa na cheti cha ubatizo, barua ya LC1 (mwenyekiti wa kijiji upande wa Uganda) au ya chifu mkononi. Siku ya malipo mtafutie mtu wa kumsindikiza asiyekuwa na tamaa. Na usiichukue pesa hiyo ukamnunulia unachoona kinamfaa. Akitaka kuwapa wajukuu peremende na sadaka kanisani, ni yake.

Kama kuna anayemnyang'anya au kumtishia juu ya shamba, usilifiche ndani ya ukoo. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa. Uganda ina Baraza la Taifa la Wazee kwa sheria ya 2013, lenye mabaraza hadi mashinani.

Anayetoka usiku

Hili linaua watu. Mama mwenye ugonjwa wa usahaulifu huamka saa nane, akafikiri ni alfajiri, akatoka nusu uchi kutafuta nyumba aliyozaliwa. Jirani anamwona, na neno la kwanza linalomjia ni mlozi, mmoja wa wale wanaosemwa hukimbia usiku na kugonga milango. Kuanzia hapo mawe hayako mbali.

Usingoje uvumi. Waambie majirani mchana, wewe mwenyewe, nyumba kwa nyumba: mama ni mgonjwa, ugonjwa wake ni wa ubongo, akitoka mrudisheni au mtuite. Mwambie mzee wa kijiji au LC1. Waambie vijana wa boda kwenye stendi, maana hao ndio macho ya barabara. Hapa petu njia za panya ni nyingi, na mtu anaweza kuamkia nchi nyingine bila kujua. Kwa hiyo mshonee kwenye nguo kitambaa chenye jina lake na namba mbili za simu, moja ya +254 na moja ya +256. Taa ndogo iwake usiku njiani kwenda chooni. Komeo liwe juu kuliko macho yake yanapozoea kutafuta, lakini asifungiwe peke yake ndani, kwani moto hauchagui. Akimwita marehemu baba, usibishane naye kila mara kwamba baba alikufa. Atamzika upya kila siku. Mwulize baba alikuwa mtu wa namna gani.

Tanga likianuliwa

Wakati wa msiba mjane ana watu mia. Sufuria zikirudishwa na mahema yakikunjwa, anabaki na ukuta. Kwa maoni yangu wiki ya tatu hadi mwezi wa tatu ndipo jamaa wanapotakiwa zaidi, na ndipo wasipokuwepo. Pangeni zamu ya kulala naye. Huzuni ya kawaida huja kama mawimbi, ikampisha acheke kidogo, ale kidogo. Isipompisha kabisa kwa miezi, ni wakati wa kumpeleka kwa mtaalamu: hospitali ya rufaa ya Busia, hospitali ya Tororo, au wodi ya magonjwa ya akili ya hospitali ya rufaa ya Mbale. Sonona ya mzee hutibika, kwa mazungumzo na kwa dawa.

Mzee akisema "nimekuwa mzigo kwenu", "Mungu amenisahau", au akianza kugawa vitu vyake bila sababu, mwulize waziwazi: "Je, unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo, humpa mlango wa kusema. Akikubali, usimwache peke yake. Ondoa dawa ya wadudu na ya magugu nyumbani, uifungie kwa jirani, na umpeleke hospitali. Kenya unaweza kupiga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu. Mahakama Kuu ya Kenya iliamua Januari 2025 kwamba kumwadhibu mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha katiba. Upande wowote wa mpaka uliopo, hofu ya polisi isikuzuie kumwokoa mzazi wako.

Na wewe mlezi, hasa binti au mkamwana ambaye kazi yote imemwangukia: ndugu waliosambaa wana deni kwako la siku za kupumzika. Wadai, kwa tarehe.

Baba Mkubwa alipata dawa, akafanyiwa upasuaji wa jicho moja, na siku za soko mjukuu humbeba kwa pikipiki kumpeleka kwa rika lake ng'ambo. Yeye ndiye anayeelekeza njia. Jumapili hii utakapompigia mzazi wako, mwulize jambo ambalo yeye pekee ndiye mwenye jibu lake, na usikate simu mpaka amalize.